Kompyuta ya Nyumba Mbili

Bhoke tulimzika Tarime, nyuma ya nyumba aliyojijengea mwenyewe, siku ya manyunyu yasiyoamua kunyesha wala kuacha. Nilikaa na wanawake chini ya turubai, na mmoja wao, jirani yake wa mjini asiyenijua, akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nikamwambia ni mke mwenzake. Akanitazama macho yalivyovimba, akamgeukia wa pembeni yake na kusema kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Mke mwenza analia hivi? Mimi sijaona." Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kukaa na kusimama. Naanza kuosha vyombo, naviacha. Natoka uani kama nimeitwa, nafika uani sijui nimefuata nini. Na kinachonijia si ugonjwa wake, ingawa niliuona, wala miaka mingi tuliyoishi mbali mbali baadaye. Ni mwaka mmoja tu, kule Genkuru, tulipokuwa tukigombana kutwa kuhusu kompyuta ilale lini.

Mwaka ule Genkuru haikutulia. Vijana walitoka Shinyanga, walitoka Geita, walitoka hata Kenya, ng'ambo ya Sirari, wakapanga vyumba ambavyo udongo wake haujakauka. Mtu aliyelima jana, leo ana nyundo. Ukienda kisimani unasikia dhahabu, ukienda kanisani unasikia dhahabu, na usiku mashine za kusaga mawe hazikunyamaza, kwa hiyo hata mbwa walizoea. Mwita, mume wetu, alikuwa na sehemu katika duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na duara hilo likatema dhahabu kidogo. Hicho kidogo kilitosha kumvuruga. Alinunua viatu vya ngozi vilivyombana, akamnunulia mama yake redio, na siku moja akashuka kwenye pikapu akiwa na kompyuta ya mezani iliyotoka kwenye mnada wa vifaa chakavu vya ofisi, kioo chake kinene kama televisheni za zamani. Akashusha pia paneli ya sola, betri ya lori, na inveta, lile boksi linalogeuza umeme wa betri uweze kuendesha vitu vya umeme wa kawaida. Kwa nini kompyuta, hakuna aliyejua. Nadhani hata yeye hakujua. Alikuwa ameona watu waliopata wakinunua vitu, naye akanunua kitu.

Sasa, kwetu mwanamume mwenye wake wawili hana mali inayoelea. Ng'ombe akiingia bomani ni lazima ijulikane ni wa nyumba ya mke gani, na akishatajwa, hata baba mwenyewe hamtoi bila kumwuliza mwenye nyumba. Mwita hakutaka maneno. Akasimama uani mbele ya mama yake na kugawa vile vifaa kama alivyozoea kugawa ng'ombe: kompyuta iende nyumba ya Bhoke, mke mkubwa, paneli, betri na inveta viende nyumba yangu. Alijipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi nzuri. Mama mkwe akasema, "Imesikika." Hakuna aliyeona kosa. Hata mimi sikuliona, nilikuwa nafurahia paneli kupanda juu ya bati langu. Ni Bhoke aliyekuja mlangoni kwangu baadaye, ameshika ule waya wa kompyuta mkononi kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

"Wankuru, hii naichomeka wapi?"

"Mama Robi, yako ina njaa," nikamwambia, "na chakula kiko kwangu."

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu niolewe. Kesho yake tukavuta waya kutoka nyumba yangu hadi yake, juu ya uwanja, tukaupitisha kwenye mti wa kuanikia nguo, na tangu hapo hatukucheka tena kwa muda mrefu.

Niseme wazi jambo lilivyokuwa, maana bila hilo ugomvi wetu utaonekana wa kitoto. Robi, binti wa Bhoke, alikuwa amemaliza darasa la saba na amefaulu. Mwenye lile duara la Mwita, mtu mzima mwenye meno mawili ya dhahabu na wake wengine tayari, alikuwa amemwona Robi akileta chakula machimboni. Akaanza kutaja ng'ombe wa mahari. Mwita hakusema ndiyo. Ila hakusema hapana, na sehemu yake ndani ya duara ilikuwa mkononi mwa mtu huyo. Bhoke aliyasikia hayo sokoni, kwa watu wengine. Alikuwa amesoma hadi kidato cha pili kabla ya kutolewa shule ili aolewe. Wiki hiyo hiyo alisikia kwamba shule moja ya masista, upande wa Tarime, inatafuta karani wa kupiga chapa kwa kompyuta, na kwamba mtoto wa mfanyakazi anasoma palepale, na mfanyakazi anapewa chumba. Mtihani wa kupiga chapa ungekuwa baada ya mvua za masika. Alikuwa hajawahi kugusa kompyuta maishani. Lakini moja ilikuwa mezani kwake, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Mimi nami nilikuwa na langu. Umeme ulipofika kwangu nilianza kuchaji simu za wachimbaji. Walizileta asubuhi zimebandikwa majina kwa plasta, wakazifuata jioni, na wakati wakisubiri walikaa kwenye magogo uani kwangu wakitaniana. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu changu ambacho sikuombwa maelezo yake. Sasa kompyuta ile ilikuwa imetoka ofisini ambako umeme haukatiki, na ilikuwa imepangwa isilale kamwe. Bhoke aliiwasha asubuhi, akapiga herufi zake kwa kidole kimoja, akaenda kusonga ugali, akaenda kutafuta kuni, akarudi, nacho kioo kinawaka tu, kinaangaza chumba kitupu. Kabla ya jua kuzama inveta yangu ilianza kulia, ule mlio wa kusema betri imechoka, na simu zilikuwa hazijajaa hata nusu.

"Mama Robi! Hiyo kitu yako inakula!"

"Iache ile! Nakaribia kumaliza ukurasa!"

"Ukurasa gani, na wewe uko jikoni?"

Wachimbaji walipenda sana. Kijana mmoja wa Kikenya alikuwa akiigiza sauti zetu zote mbili, ya kwangu nyembamba na ya Bhoke nzito, mpaka mama mkwe akamrushia ganda la muhindi.

Mwishowe tulikubaliana jambo moja, kwamba aitwe fundi. Akaja kutoka Tarime kwa bodaboda, Fundi Salumu, mtu mpole mwenye kofia nyeupe na Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu, ambaye duka lake la redio lilikuwa karibu na stendi. Mama mkwe alitaka kumkaribisha nyama. Akauliza kwa adabu imechinjwa na nani, na jibu lilipochelewa, tukamkaangia mayai, akala na ugali wa mtama na maziwa ya mgando, akasifu maziwa. Kisha akaketi mbele ya kompyuta, mimi kushoto, Bhoke kulia, kama wakwe wawili wasioelewana.

"Mama zangu," alisema, "hapa kuna vitu vitatu, msivichanganye. Cha kwanza, kioo kuzimika peke yake. Mashine iko macho, kioo tu ndicho kimefumba. Hicho kioo ndicho mlaji mkubwa. Cha pili, mashine yenyewe kulala. Inakula kidogo sana, ukiigusa inaamka hapo hapo. Lakini ikiwa imelala, kazi yako imeishika kichwani tu. Umeme ukikatika, imepotea. Cha tatu, inaandika kila kitu kwenye diski yake, halafu inazimika kabisa. Hapo hata ukichomoa waya, kesho unakuta kazi ulipoiachia. Ila kuamka inachelewa."

"Basi iwe hicho cha tatu," nikasema.

"Hicho cha pili," akasema Bhoke. "Mimi sina muda wa kuisubiri iamke. Nina mifugo, nina Robi, nina bibi."

Fundi Salumu akanigeukia. "Na kuna jambo la mama mdogo. Inveta yako nayo inakula, hata kama mashine imelala. Mradi imewashwa, inakula. Akichagua cha pili, wewe huwezi kuizima usiku, maana ukiizima unaua kazi yake. Akichagua cha tatu, unazima inveta, betri inapumzika."

Nakumbuka nzi akitembea juu ya kioo. Nilielewa kwamba swali halikuwa la mashine. Lilikuwa la kama mtu analala mlango wazi au mlango umefungwa, na ufunguo uko kwa nani. Tukaamua, baada ya maneno mengi: kioo kifumbe baada ya dakika tano, mchana mashine ilale ikiachwa robo saa, jioni Bhoke achague kile cha tatu, kisha anipigie kelele "Kata!" nami nizime inveta. Fundi akayapanga hayo yote, akatufanya tuyarudie kwa mdomo kama watoto wa katekisimu, akaondoka na debe la mtama.

Siku hizi simu yangu hujipunguzia mwanga yenyewe. Hainiulizi. Mjukuu ananiambia imepangwa hivyo kiwandani, na mimi nafikiri, basi kuna mtu huko mbali aliyeamua badala yetu, na hakuna watu wawili waliokaa uani kukasirikiana. Sijui kama ni bora. Kukasirikiana kule ndiko kulikonifanya nijue Bhoke anaamka lini, anachoka lini, na kwamba akifikiri sana huacha mikono hewani. Kabla ya waya ule tulikuwa tukisalimiana kwa ajili ya mama mkwe.

Mambo yalienda hivyo wiki kadhaa. Kioo kilimfumbia akiwa anageuza ukurasa wa kitabu, naye akashtuka kila mara na kukikaripia, "Nipo! Nipo hapa!" Halafu jioni moja akanipigia kelele "Kata!" nikakata, na asubuhi nikasikia kimya ambacho si cha kawaida. Nilipoingia kwake alikuwa amekaa, mikono mapajani. Haraka haraka alikuwa amechagua kile cha pili badala ya cha tatu. Kurasa zote alizokuwa amepiga, zile alizotaka kumpelekea sista wa shule ile aone, zilikuwa zimekwenda. Nilisubiri anilaumu. Ingekuwa rahisi. Akasema tu, "Jana yule mwenye duara amekuja tena. Amemletea Mwita mbuzi." Kisha akasema, "Mimi nilitolewa darasani na mwalimu akiwa bado anaandika ubaoni, Wankuru. Sikuona alimalizia nini." Nikaenda kumchemshia chai.

Kisha masika ikaingia vibaya. Mawingu yalikaa juu ya Genkuru kama kifuniko, paneli haikushika kitu, na mtihani ulikuwa umekaribia. Asubuhi moja niliwaambia wachimbaji wabebe simu zao, sichaji mpaka jua lirudi.

"Ee, Wankuru," akasema yule Mkenya, "na tumesikia waya wa kwenda upande wa pili bado una umeme. Siku hizi umeolewa na Bhoke?"

"Nimeolewa naye."

"Na mahari?"

"Ndiyo hiyo nangojea, mura," nikamwambia kijana yule. "Ongeza yako."

Walicheka, wakazibeba. Nikaenda kwa Bhoke nikamwambia betri yote ni yake mpaka mtihani, na tukakaa kupanga upya. Tukapunguza mwanga wa kioo hadi ukawa kama maji ya udongo. Tukaweka kifumbe baada ya dakika moja. Bado inveta ililia. Ndipo Bhoke akasema, "Mlaji mkubwa si kioo? Basi tukizime kabisa." Akabonyeza kitufe cha kioo, kikawa cheusi, na mashine ikaendelea kuvuma chini ya meza. Akaweka vidole juu ya herufi. "Nisomee."

Nilichukua kitabu cha Robi cha Kiswahili nikasoma. Mimi ni wa darasa la saba, nilisoma polepole, nikikwama kwenye maneno marefu, na hiyo ilimfaa. Yeye alipiga akitazama ukuta, ambako kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita yenye picha ya pundamilia. Mwisho wa ukurasa alikiwasha kioo, na tukasoma alichoandika. Siku ya kwanza ilikuwa takataka tupu, hata Robi alikaa chini akashika tumbo kwa kucheka. Siku zilizofuata yakaanza kuonekana maneno. Mvua ilipiga juu ya nyasi za nyumba yake, mchana ukiwa na giza la jioni, chungu cha maharage kikichemka polepole, nami nikisoma habari za sungura na fisi kwa mwanamke ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa akinipita kisimani bila kugeuza shingo. Tulikuwa na wasiwasi wote wawili. Kila pikipiki ilipopita barabarani tuliinua vichwa.

Na moja ikasimama. Mwita alikuwa amelowa hadi kiunoni. Duara lilikuwa limejaa maji, wenzake wanahamia machimbo mapya upande wa Serengeti, na yeye alikuwa amekuja kuchukua betri ya taa za kushukia shimoni. Aliingia moja kwa moja nyumbani kwangu na kuanza kufungua nati.

"Baba Robi," nikasema mlangoni, "unafanya nini?"

"Nitairudisha."

"Lini?"

"Wewe Wankuru, mwenye duara anasema bila taa sina sehemu. Unataka nipoteze sehemu?"

Bhoke alikuwa ametoka jikoni kwenye mvua. Hakuwa na haki ya kusema. Betri haikuwa ya nyumba yake. Alisimama tu katikati ya uwanja chini ya ule waya, unga bado mikononi. Niliona kwamba nikinyamaza, hakuna mtu duniani atakayesema. Nikamwita mama mkwe. Akaja taratibu na gunia kichwani kama mwavuli.

"Mama, shikamoo. Naomba useme. Siku ile uani, betri ilitajwa ya nyumba gani?"

Mzee yule alimpenda mwanawe kuliko sote. Akamtazama Mwita alivyolowa, nikadhani tumeshindwa.

"Ilitajwa ya nyumba ya Wankuru," akasema. "Nilisikia kwa masikio haya."

"Mama, ni betri! Si ng'ombe!" Mwita akapaza sauti.

"Wewe ndiye uliyegawa kama ng'ombe. Mimi nilikaa tu nikasikia. Sasa mwulize mwenye nyumba."

Mwita akanigeukia na spana mkononi. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lijulikane. Alikuwa mtu ambaye kila siku aliona kama ya kesho ndiyo itakayomtoa. "Wankuru, nipe," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuwa amewahi kuitumia kwangu.

"Sitoi," nikasema.

Akaiweka spana juu ya stuli, polepole, akapanda pikipiki. Usingizi haukunijia kwa siku nyingi. Nilikuwa nimemnyima mume mbele ya mama yake, na mwanamke aliyefanya hivyo kwetu hukaa akisikiliza kila mlango.

Bhoke alikwenda kwenye mtihani na kitenge changu kipya na viatu vya Robi. Alituhadithia jioni, amesimama, hawezi kukaa. Chumba kilikuwa na wasichana watatu wa mjini wenye kucha ndefu. Kompyuta ilikuwa mpya, kioo chake chembamba, kinang'aa hadi macho yanauma. Aliogopa kukitazama. Basi akageukia ukuta, kama alivyozoea, na sista alipokuwa akisoma yeye akapiga. Sista alikuja kusimama nyuma yake, akakaa hapo kitambo. Alipomaliza, sista akamwuliza amesomea wapi.

"Ukamjibu nini?" akauliza Robi.

"Nikamwambia Genkuru. Akasema hajui kama kule kuna chuo."

Jibu lilikuja kwa simu yangu, kwa kuwa yeye hakuwa na yake. Walimchukua. Mwenye duara alimtafuta Robi mara moja tena, akaambiwa mtoto yuko shule ya bweni kwa masista, na ng'ombe wake wakaenda kutajwa boma jingine. Mwita alirudi kutoka Serengeti amekonda, bila sehemu na bila viatu vya ngozi. Tulimpa uji. Hakuitaja betri kamwe, na mimi sikuitaja. Kompyuta ilikuwa mali ya nyumba ya Bhoke, kwa hiyo ilikwenda naye Tarime, imefungwa kwa mablanketi nyuma ya pikapu ya mahindi. Hakukuwa na kuagana kwa maana. Dereva alikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja, na Robi alikuwa amesahau sanduku ndani.

Walikuja likizo ya kwanza. Nilikuwa nachambua mboga niliposikia sauti nzito getini ikisema, "Hodi." Niliinua kichwa. Katika miaka yote niliyomjua hapo uani hakuwa amewahi kubisha hodi. Nani anabisha hodi kwake? Robi alikuwa na sare ya bluu na amerefuka. Mama mkwe akasema wakaribishwe viti, na Robi mdogo wa juzi akakaa kwenye kiti cha wageni, na Bhoke naye akakaa, amebana magoti, begi mapajani. Nikatuma soda dukani. Nikaifungua mbele yake kama inavyofunguliwa kwa mgeni, nikamwekea mrija.

"Habari za hapa?" akauliza.

"Salama, dada. Za huko?"

"Salama tu. Umeme haukatiki."

"Vizuri."

Akanywa kidogo. Jua lilikuwa kali, betri imejaa tangu saa nne, simu za watu zimepangwa mezani zote zimeshiba. Nilimtazama mikono yake, laini kidogo sasa, na nilitamani kumgombeza juu ya jambo lolote lile, nikatafuta, nikatafuta, na sikuwa na pa kuanzia.